Simu Chini ya Shuka

"Shangazi, nimechoka. Mwanangu wa miaka 9 nimemfuma saa sita usiku, amejifunika shuka, anatazama TikTok kwenye simu yangu. Nilipompokonya alilia hadi majirani wakaamka. Niivunje?" Ndivyo anavyouliza mama mmoja wa Kisauni, Mombasa, muuza mahamri.

Asiivunje. Simu hiyo ndiyo inayomletea oda za wateja, na mtoto atahamia kwa jirani.

Kinachomtia Shangazi wasiwasi zaidi ni ile saa sita. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa usiku, na huyu huamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu ya shule. Mwanga wa kioo cha simu nao huchelewesha homoni ya usingizi, kwa hiyo hata akipokonywa hubaki macho. Basi simu zote zilale sebuleni, kwenye chaja, kuanzia saa mbili usiku. Ya mama pia.

Hapo kwa mama ndipo penye kazi. Anaeleza mwenyewe kwamba wakati wa chakula cha jioni hupokea oda za kesho: mkono mmoja kwenye ugali, mwingine kwenye simu, na mtoto akimwita huambiwa "subiri". Miaka 9 anayaona hayo! Wateja wangoje nusu saa, mtoto asikilizwe habari zake za shule.

TikTok iondolewe. Kampuni yenyewe inataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13, na akaunti ya mama huleta yale yanayompendeza mtu mzima. Tena video zake hazina mwisho. Moja ikiisha nyingine iko tayari, na hata mtu mzima hushindwa kuacha. Mahali pake iwekwe YouTube Kids, yenye saa ndani yake: mzazi anapanga dakika 40, zikitimia inajifunga. Wakubaliane dakika hizo mapema, mchana, wakiwa wamekaa. Siku za mwanzo atalia. Mama asikasirike, wala asilegee.

Mama ana mtoto mwingine, mdogo wa miaka 3, anayelishwa huku akitazama katuni. Huyo asizidishiwe saa 1 kwa siku. Hicho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 2019.

Baada ya wiki mbili Shangazi angependa barua nyingine: kijana sasa analala saa ngapi?