Ni Neno Gani Lililomgusa?

Walimu wapendwa, Dr. Martin Luther aliwatungia watoto wake wimbo wa Krismasi wenye beti 15, ukapigwa chapa mwaka 1535. Hakuutunga kwa Kilatini, bali kwa Kijerumani, lugha waliyoisikia kwa mama yao.

Huku Njombe watoto wengi husikia Kibena nyumbani, na kanisani huimba Kiswahili. Makambako, penye reli ya TAZARA, makabila mengi hukaa benchi moja. Basi msomapo kitabu cha watoto, au mwimbapo, msiulize, “Je, umependezwa?” Atajibu ndiyo, kwa adabu tu. Mwulizeni ni neno gani limemgusa, alieleze kwa lugha ya kwao. Akinyamaza, rudieni ubeti mmoja. Na yule asemaye limemtia hofu, asikemewe; asikilizwe kwanza.