SOMO LETU: KUCHAGUA CHEREHANI YA KUSHONEA MIFARISHI



Mfarishi ni nguo nzito ya kujifunika. Juu kuna kitambaa, katikati pamba au blanketi kuukuu, na chini kitambaa kingine. Vyote vitatu hushonwa pamoja. Mabaki ya kanga na vitenge yanafaa sana kwa kazi hii.

Cherehani ikinunuliwa vibaya, fedha ya kikundi imekwenda na kazi imelala. Basi, tujifunze.

Ipi itufae?

Cherehani ya mkono ni nyepesi kubeba. Lakini mkono mmoja unazungusha, na mfarishi ni mzito, unataka mikono miwili kuuongoza. Ya miguu inaiacha mikono yote miwili huru, tena haihitaji umeme. Mshono wa kwenda moja kwa moja unatosha. Msilipie mapambo mengi.

Jinsi ya kuikagua

Nendeni dukani na kipande chenu cha mfarishi, kimeshikizwa kwa bandi. Msikubali kujaribishiwa kwa kitambaa chepesi cha muuzaji. Kitambaa chepesi hakionyeshi ubovu.

1. Zungusha gurudumu kwa mkono. Liende laini. Sindano isigonge chuma.

2. Inua mguu unaobana kitambaa. Je, kipande chenu kinapita chini yake bila kulazimishwa?

3. Tazama nafasi iliyo kati ya sindano na shina la cherehani. Mfarishi ukikunjwa utapita hapo. Nafasi ikiwa finyu, mtateseka.

4. Weka sindano nene, namba 16. Refusha mshono kidogo, kisha shona. Geuza, utazame chini. Uzi ukijikusanya vitanzi chini, mara nyingi uzi wa juu umelegea. Muuzaji aukaze. Akikaza na vitanzi vikabaki, iacheni.

5. Uliza: sindano, bobini na mkanda vinapatikana soko la karibu? Cherehani isiyo na vipuri ni pambo la nyumba.

Cherehani kuukuu si mbaya. Singer nyingi za zamani bado zinashona vizuri. Tena rangi mpya isikudanganye. Wengine hupaka rangi juu ya chuma kilicholika.

Tumieni kalamu

Cherehani nyingi zina namba iliyopigwa kwenye chuma. Isome mwenyewe. Hakikisha imeandikwa kwenye risiti, pamoja na bei, tarehe na jina la muuzaji. Isome risiti yote kabla ya kutoa fedha. Ikiwa ni mali ya wizi, au muuzaji akikana, karatasi hiyo ndiyo shahidi wenu. Usione haya kusoma polepole. Fedha ni yenu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tujaribu cherehani kwa kipande chetu wenyewe?
2. Risiti ya kikundi itunzwe na nani, na wapi?
3. Andika orodha ya vipuri vinavyopatikana soko lenu.