Baraza la Wales na Kura za Raia Wake

Wengi hudhani ya kuwa baraza huwekwa kwa sababu raia wamelililia. Katika Wales, nchi iliyo magharibi ya England na chini ya ufalme mmoja nayo, mambo hayakwenda hivyo, nasi twaona yafaa kuyaeleza.

Tarehe 1 Machi 1979 watu wa Wales waliulizwa kama wataka baraza lao wenyewe. Waliokubali walikuwa 243,048, waliokataa 956,330. Hofu zao zilikuwa mbalimbali. Kusini, ambako wengi husema Kiingereza, watu waliogopa kutawaliwa na wasemao Kiwelisi. Kaskazini waliogopa kutawaliwa na mji wa Cardiff. Na kila mahali waliogopa gharama.

Kisha ikafuata miaka kumi na minane ya serikali ya chama cha Conservative huko London, chama ambacho wabunge wengi wa Wales hawakuwa wa upande wake. Machimbo ya makaa ya mawe yakafungwa, na watu wakaanza kuulizana ni nani aamuaye mambo yao. Basi tarehe 18 Septemba 1997 wakaulizwa tena. Hesabu ya mwisho, ile ya Carmarthenshire, ndiyo iliyokata shauri: waliokubali walishinda kwa kura 6,721 tu, na karibu nusu ya wenye haki ya kupiga kura hawakufika.

Kwa hiyo baraza lililoanza mwaka 1999 lilikuwa na kazi ya kuwapata watu ambao hawakulitaka. Mwaka 2007 dawa zilizoandikwa na daktari zilianza kutolewa bure nchini mwote, na jambo hilo kila nyumba iliweza kuliona.

Mwaka 2011 raia waliulizwa kama baraza lipewe uwezo wa kutunga sheria katika mambo yake yote pasipo kuomba ruhusa London. Katika kila kura 100, zaidi ya 63 zilikubali. Lakini msomaji na atazame hesabu yenyewe: waliokubali walikuwa 517,132, hali mwaka 1997 walikuwa 559,419! Waliokataa ndio waliopungua sana, toka 552,698 hata 297,380. Sisi twaona ya kuwa wengi wao walikuwa wamekwisha kulizoea baraza, wakakaa nyumbani.

Mwezi wa Mei 2020 baraza hilo likaitwa Senedd. Hata hivyo wangaliko raia wa Wales watakao livunjwe.