Mwenye Trekta Kuukuu Apime Betri Kabla ya Kununua Nyingine

Msimu wa kulima unapokaribia, trekta nyingi zilizokuwa zimeegeshwa kwa miezi kadhaa hukataa kuwaka. Wazo la kwanza huwa ni kununua betri mpya. Mara nyingi betri haina kosa. Tatizo huwa kwenye waya, na betri mpya ikifungwa kwa waya uleule, trekta itakataa tena huku mvua ikiendelea kunyesha.

Vipimo vya kuanzia

Fundi yeyote mwenye mita ya kupima volti anaweza kutoa jibu kwa dakika chache. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki karibu nusu. Chini ya 11.9, iko tupu na inafaa kuchajiwa kwanza kabla ya kuhukumiwa.

Baada ya kuchaji, fundi ashikilie mita kwenye vichwa vya betri wakati stata inazungushwa. Volti zikishuka chini ya 9.6, betri imechoka. Zikibaki juu ya 10 lakini stata inajikokota, lawama ni za waya, vichwa vyenye kutu au stata yenyewe. Injini ikishawaka na kuongezwa mwendo, mita inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Ikisoma chini ya hapo, betri haichajiwi, na ukaguzi uanzie kwenye mkanda wa feni.

Kuchagua betri

Trekta ya dizeli yenye silinda 3 au 4, kama Massey Ferguson 135, kwa kawaida huhitaji betri ya volti 12 yenye uwezo wa Ah 90 hadi 120. Betri ndogo ya gari la abiria inaweza kuiwasha siku chache, lakini huchoka mapema kwa sababu injini ya dizeli ni nzito kuzungusha. Mnunuzi aangalie pia tarehe ya kutengenezwa, apime kisanduku cha betri, na ahakikishe vichwa vya betri viko upande ambao waya zitafika bila kuvutwa.

Baadhi ya trekta za zamani hutumia betri mbili za volti 6. Hizi huunganishwa kwa kufuatana, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ili zitoe volti 12. Mtu akifanya hivyo kwa betri mbili za volti 12 atapata volti 24, na taa pamoja na stata zinaweza kuungua.

Upande unaofungwa kwenye bodi

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Trekta za kisasa hufungwa waya wa hasi kwenye bodi. Lakini nyingi zilizoundwa Uingereza kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa chanya kwenye bodi. Nyingine zimebadilishwa na mafundi tangu wakati huo, hasa pale dainamo ilipoondolewa na kuwekwa alteneta. Kwa hivyo rangi ya waya au umri wa trekta si ushahidi wa kutosha. Kabla ya kutoa betri ya zamani, mwenye trekta aangalie alama ya + na − na aandike ni ipi iliyokuwa kwenye bodi. Alteneta ikiunganishwa kinyume, vifaa vyake vya ndani huungua papo hapo.

Waya wa stata

Stata inaweza kuvuta ampea 300. Kwa kiwango hicho, ukinzani wa omu 0.01 pekee hupoteza volti 3, yaani robo ya nguvu ya betri. Ndiyo maana kutu kidogo kwenye kichwa cha betri hutosha kuizima trekta nzima. Waya unaofaa ni ule mnene wa milimita mraba 50 au zaidi, uliobanwa vizuri kwenye vichwa vyake. Waya wa stima ya nyumbani haufai. Mahali waya unapofungwa kwenye bodi pasuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha grisi ipakwe baada ya kukaza. Betri nayo ifungwe imara, kwani mtikisiko huvunja sahani zake za ndani.

Usalama

Waya wa bodi ndio wa kwanza kutolewa na wa mwisho kurudishwa. Utaratibu huu huzuia spana kuunganisha chanya na hasi na kutoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Sigara na moto vikae mbali. Asidi ikiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi kwa angalau dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Betri huongezwa maji maalum ya betri, si ya kisima wala asidi.

Ni hatari pia kuwasha trekta kwa kugusisha bisibisi kwenye stata. Ikiwa iko kwenye gia, itamkanyaga aliyesimama mbele ya gurudumu la nyuma.

Betri iliyokufa

Betri ya zamani ina risasi, sumu inayodhuru zaidi watoto. Mwaka 2020, mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni kwa madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Betri isivunjwe nyumbani wala asidi yake kumwagwa shambani. Irudishwe kwa muuzaji, ambaye mara nyingi hupunguza bei ya mpya.

Wakulima wenye maswali wanashauriwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao mapema, kabla ya foleni za msimu kuanza.