Kufundisha Kusoma Kumbukumbu za Usajili wa Jina la Intaneti

Shule moja ya msingi tuliyoitembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha ilikuwa imepoteza jina lake la intaneti. Jina hilo lilisajiliwa kwa barua pepe ya mwalimu mmoja. Mwalimu akahamishwa, ilani za malipo zikaendelea kwenda kwenye anwani asiyoifungua tena, na muda ukapita. Wazazi waliotafuta tarehe ya kufungua shule wakakuta matangazo ya kamari. Tarehe ya kwisha kwa jina ilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeitafuta, lakini pale shuleni hapakuwa na aliyejua kuitafuta. Kwa sababu hiyo twapendekeza somo hili kwa Darasa la Saba.

Mara ya kwanza sisi tulianza na kompyuta. Umeme ukakatika, na somo likafa. Siku hizi twaanza na bahasha. Mwanafunzi huandika jina la mpokeaji, sanduku la posta, mji, kisha nchi: lililo kubwa huja mwisho. Ndivyo lilivyo jina la intaneti. Mwalimu aandike ubaoni jina la kubuni, fulani.sc.tz, na darasa lilisome kutoka mwisho: tz ni Tanzania, sc ni fungu la shule, na fulani ni shule yenyewe. Daftari kuu la majina yaishiayo na tz lina mtunzaji wake. Kenya nayo ina KeNIC.

Hapo ndipo mwalimu anakili ubaoni kumbukumbu nzima ya jina moja: msajili, yaani wakala aliyelipeleka jina daftarini, tarehe ya kusajiliwa, tarehe ya kwisha, na seva za majina, ambazo huielekeza kompyuta mahali tovuti ilipo. Wanafunzi watauliza mbona jina la mwenyewe halionekani. Swali hili ni jema, lisikatizwe. Utaratibu wa kuulizia kumbukumbu, uitwao WHOIS, ulianza mwaka 1982, na kwa miaka mingi ulionyesha hata simu ya mtu. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kutumika mwaka 2018, mengi ya hayo yalifichwa. Tangu Januari 2025 wasajili wa majina kama yale ya .com hawalazimiki tena kutoa huduma ya WHOIS. Utaratibu wa RDAP umeshika nafasi yake.

Tarehe zifanyiwe hesabu. Kwa majina ya .com, msajili hupaswa kumkumbusha mwenye jina yapata mwezi mmoja kabla ya kwisha, na tena yapata juma moja kabla. Msajili akishalifuta, zipo siku 30 za kulikomboa, mara nyingi kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kungoja, na baada ya hapo yeyote aweza kulichukua. Mwalimu ataje tarehe ya kufutwa, nao wanafunzi watafute siku ya mwisho ya ukombozi.

Kazi ya mwisho ifanyike ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Wanafunzi wawili waulize kwa adabu: jina la shule yetu limesajiliwa kwa barua pepe ya nani, ya shule au ya mtu? Jibu liandikwe, pamoja na tarehe ya kwisha, katika kalenda ya shule.