SOMO LA MWEZI: JIKO LA BAYOGESI LISIPOCHEMSHA MAJI

Kila mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Migori na Homa Bay ajua faida ya maji ya moto. Alfajiri huyahitaji kwa kuosha kiwele na vyombo vya maziwa, na jioni jamaa nzima huyahitaji kwa kuoga. Wale waliojenga mtambo wa bayogesi, yaani gesi itokayo katika mavi ya ng'ombe, huyapata bila kuni wala makaa. Kazi hii si ngeni katika Kenya: mtambo wa kwanza ulijengwa mwaka 1957 katika shamba la kahawa huko Kiambu.

Lakini mara nyingine jiko hukataa. Moto huwa mdogo, sufuria hukaa saa mbili bila kutokota, na mwenye nyumba husema, "Jiko limeharibika." Hununua jingine, nalo hukataa vile vile. Mwisho mtambo uliogharimu fedha nyingi huachwa uote majani, na mama hurudi kubeba kuni kichwani. Sababu ni kwamba kasoro ilitafutwa mahali isipokuwapo. Jiko ni mwisho wa safari ya gesi. Safari yenyewe huanza zizini, hupita katika tangi na bomba, ndipo hufika jikoni. Basi tuifuate safari hiyo hatua kwa hatua.

KWANZA: PIGA HESABU

Kilo 1 ya mavi mabichi hutoa karibu lita 40 za gesi. Kwa hiyo mtu atiaye kilo 20 kila siku, pamoja na lita 20 za maji, atapata karibu lita 800 za gesi kwa siku. Kuchemsha debe moja la lita 20 hutumia karibu lita 550. Akitaka kuchemsha madebe mawili, gesi itakwisha kabla debe la pili halijatokota, wala jiko halina kosa.

Ng'ombe afungiwaye bandani huacha mavi yote mahali pamoja. Ng'ombe wa kienyeji achungwaye mchana kutwa huacha mengi malishoni, na zizini hubaki yale ya usiku tu. Kwa ajili hii usihesabu vichwa vya ng'ombe. Pima mavi kwa ndoo.

Tena, maji ya kuoga hayana haja ya kutokota. Kuyapasha mpaka yawe moto wa kutosha hutumia kama nusu ya gesi ile. Weka maji juani mchana katika jerikeni nyeusi, kisha funika sufuria inapokuwa jikoni, nawe utaokoa gesi zaidi.

PILI: TAZAMA KIPIMO

Karibu na jiko huwa pana kipimo cha nguvu ya gesi. Hicho ndicho kitakachokuonyesha upande wa kutafuta.

(a) Kipimo kiko juu, lakini moto ni mdogo. Gesi ipo, ila njia imeziba. Safisha matundu ya jiko kwa brashi, na tazama kama mpira umejikunja. Moto ukirukaruka, jua kwamba maji yameingia katika bomba. Gesi hutoka tanginí ikiwa na unyevu, na bomba likipoa, unyevu huo hugeuka maji na kukaa mahali palipoinama. Zima moto wote ulio karibu, fungua koki ya kutolea maji, na uifunge mara maji yanapokwisha.

(b) Kipimo kiko chini. Hapa kuna mambo mawili: ama gesi yavuja, ama haitengenezwi ya kutosha. Fanya jaribio hili. Funga koki ya jiko, kisha funga koki kuu iliyo juu ya tangi. Tia alama kwenye kipimo, ungoje saa moja. Kipimo kikishuka, bomba linavuja. Paka povu la sabuni katika viungo vyote. Penye tundu povu litafura. Usitafute tundu kwa kiberiti hata mara moja.

Kipimo kisiposhuka, bomba ni zima, na kasoro iko tanginí au katika ulishaji wake. Jiulize: Mavi hutiwa kila siku, au ni siku za nafasi tu? Maji ni sawa na mavi kwa kipimo, au yamepunguzwa kwa sababu ya kiangazi? Je, maji ya sabuni, dawa ya kuogeshea ng'ombe, au mavi ya ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa kali yameingia? Gesi hutengenezwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na dawa hizo huviua.

Kama hayo yote ni sawa, huenda tangi lina ufa. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa bonde la Lambwe, hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na huweza kuvunja ukuta wa matofali. Hiyo ni kazi ya fundi.

TATU: SOMA RANGI YA MOTO

Moto mzuri ni wa buluu. Ukiwa wa manjano na kutia masizi, unahitaji hewa zaidi. Fungua kidogo tundu la hewa la jiko. Ukiruka juu ya jiko na kuzimika, hewa imezidi, punguza.

Jiko la gesi ya mtungi halifai kuunganishwa hivi hivi na bayogesi, wala kile chombo cha kupashia maji kifungwacho ukutani mwa bafu. Tundu lake la kutolea gesi ni dogo, kwa kuwa gesi ya mtungi ina nguvu nyingi. Bayogesi ni hafifu, maana theluthi yake au zaidi ni hewa ya kaboni isiyowaka. Nunua chombo kilichotengenezwa kwa bayogesi.

HATARI ZA KUKUMBUKA

1. Ukisikia harufu ya mayai viza ndani ya nyumba, usiwashe taa wala kiberiti. Fungua milango na madirisha, funga koki kuu, watoe watoto nje.

2. Mtu asiingie ndani ya tangi, hata likiwa tupu. Hewa ya humo huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

3. Usiwashe jiko ndani ya bafu lililofungwa. Moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu, na mwenye kuoga huzimia bila kujua. Pasha maji jikoni, madirisha yakiwa wazi, kisha yabebe.

MASWALI

1. Jirani hutia kilo 15 za mavi kila siku. Atapata lita ngapi za gesi? Zatosha kuchemsha madebe mangapi?

2. Kipimo kiko juu na moto unarukaruka. Utafanya nini?

3. Kwa nini twatumia sabuni, wala si kiberiti, kutafuta tundu la bomba?

Yajibu maswali haya pamoja na jamaa yako yote, hasa yule apikaye, maana yeye ndiye auonaye moto kila siku. Likikushinda jambo, mwite fundi aliyejenga mtambo, au umwulize Bwana Shamba wa kwenu, kabla hujafungua mfuko kununua jiko jipya.