Pishi na Kilo: Mizani Ilisema Kweli, Mimi Ndiye Niliyekosea



Ndugu wanafunzi, Ramadhani iliyopita nilikuwa miongoni mwa waliopokea Zakatul-Fitri hapa chuoni. Tulikuwa na mizani na karatasi iliyoandikwa: "Kilo 2.5 kwa kila mtu." Akaja ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza, mwenyeji wa Rumonge, na mahindi aliyoyapima kwa kopo la kwao. Mizani ikaonyesha kilo 2.2. Nikamwambia hayajatimia. Akajibu kwa upole, "Kaka, hii ni pishi kamili. Shehe wetu ndiye aliyetukadiria kopo hili." Sikumsikiliza. Akaenda kukopa mahindi kwa mwenzake wa chumba, akajaziliza.

Baada ya Idi tuliposoma mlango wa zaka darasani, nilijiona mdogo.

Mtume (s.a.w.) alifaradhisha swaa moja ya chakula. Swaa ni mudi nne, na mudi hukadiriwa kwa viganja viwili vya mtu wa kadiri vikijazwa pamoja. Wazee wetu Waswahili waliifananisha na pishi, yenye vibaba vinne. Basi swaa ni kipimo cha ujazo: huuliza chakula kimejaa kiasi gani katika chombo. Mizani huuliza swali jingine, yaani uzito. Kilo zetu zilipatikana kwa mtu kujaza chombo nafaka fulani, kisha kuipima kwa mizani. Nafaka ikibadilika, kilo nazo hubadilika, ingawa swaa ni ile ile.

Nilijaribu mwenyewe. Nilimimina kilo 2.5 za mchele ndani ya ndoo, nikasawazisha, nikatia alama. Kisha nikajaza mahindi makavu mpaka alama ile ile. Nilipima mara tatu. Kila mara tarakimu ilitofautiana kidogo, kwa sababu ukiitikisa ndoo punje hushikana na nafasi hupungua. Lakini zote zilikuwa karibu na kilo 2.2. Kwa ujazo ule ule, mahindi ni mepesi kuliko mchele. Kopo la yule ndugu lilikuwa sawa.

Wanazuoni walilijua jambo hili zamani. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alikuwa akishika kauli kwamba swaa ni ratili 8. Alipofika Madina, akaletewa swaa ambazo watoto wa Maswahaba walirithi kwa baba zao. Hakutosheka na maneno. Alizipima, akazikuta zinalingana, kiasi cha ratili 5 na theluthi, akaiacha kauli yake ya kwanza. Naye Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alieleza kwamba uzito wa swaa hutofautiana kwa aina ya nafaka, na kwamba tegemeo ni ujazo. Uzito ni makadirio.

Je, tuitupe mizani? Hapana. Mashehe wanaotangaza kilo 2.5 au 3 wanachukua tahadhari ili maskini asipunjwe, na ni vizuri kuwafuata. Kosa langu lilikuwa kuifanya tarakimu ya mizani kuwa ndiyo faradhi yenyewe, nikamkatalia mtu aliyekwisha kutimiza. Tunaogopa, na ni haki yetu kuogopa, onyo la Suratul-Mutaffifin kwa wanaopunja vipimo. Lakini kumtwika mtu asichowajibika nacho pia ni kutopima kwa uadilifu.

Nilimfuata yule ndugu chumbani kwake nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Ile ziada ni sadaka, kaka." Mwaka huu, inshallah, pembeni ya mizani yetu kutakuwa na kopo la pishi. Nawe kabla ya kumhukumu mtu kwa tarakimu, jiulize kwanza: chombo hiki kinapima nini, na mimi nimeamrishwa kupima nini?

Mwenyezi Mungu atutakabalie.